Nimeacha dawa ya kuzuia jasho, sasa kwapa linawasha na harufu imerudi

Mwalimu wa Makorora anauliza:

Assalaam alaykum na habari za jioni, ndugu zangu. Ninaandika jambo ambalo wengi wetu tunaona haya kulisema mbele za watu, nami nimeona afadhali niliseme hapa kuliko kuendelea kuumia kimyakimya.

Nina umri wa miaka 34, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga mjini, na nimetumia rolon ya kuzuia jasho tangu nikiwa sekondari. Mwishoni mwa Januari niliiacha. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni nguo: blauzi zangu nyeupe zilikuwa zinageuka manjano kwapani na kukakamaa kama zilizomwagiwa uji ukakaukia pale, hata nikizifua namna gani. Ya pili ndiyo nzito. Shangazi yangu, ndugu wa baba, ambaye ndiye aliyenilea, alifariki kwa saratani ya titi miaka mitatu iliyopita. Mwalimu mwenzangu akanionyesha ujumbe uliokuwa ukisambazwa kwenye simu, unaoeleza kwamba alumini iliyomo katika dawa hizi huziba jasho, sumu za mwili zikakosa pa kutokea, zikarudi kwenye titi na kuzaa saratani. Tangu siku hiyo kila nilipoishika ile rolon mkono wangu ulikuwa unasita.

Nikatengeneza ya kwangu kwa maelekezo niliyopewa: vijiko vitatu vya mafuta ya nazi niliyopika mwenyewe, viwili vya wanga wa mahindi, viwili vya bekingi soda, na matone kadhaa ya mafuta ya karafuu kwa ajili ya harufu. Wiki ya kwanza nilifurahi sana. Wiki ya pili nikaanza kulowa. Ninakwenda kazini kwa baiskeli, kama walivyo wengi katika mji huu, na joto la kaskazi mnalijua. Saa moja na nusu asubuhi buibui limekwishashikamana na mgongo. Wiki ya tatu nilikuwa nimeinama nikisahihisha daftari la mtoto mmoja kwenye dawati lake, nikaisikia harufu yangu mwenyewe, na yule mtoto akasogea kidogo upande wa ukuta. Hakusema neno, kwa kuwa ni mtoto mwenye adabu, lakini vipindi vyote vilivyobaki siku ile nilivifundisha nikiwa nimebana mikono ubavuni, na ubaoni nikawa ninaandika chini chini ili nisiinue mkono.

Sasa ni wiki ya tano. Kwapa la kulia limekuwa jekundu kisha likaanza kuwa jeusi, ngozi inachubuka kwenye mkunjo, na sabuni ikigusa ninauma meno. Aliyenipa maelekezo anasema mwili unajisafisha sumu za miaka yote hiyo, kwa hiyo nivumilie hadi miezi miwili itimie. Jirani ananiambia nipake ndimu. Mama mkwe wangu anasema nitumie shabu kama walivyotumia wao.

Naomba mnisaidie kwa mambo matatu. Je, ni kweli kwamba mwili unajisafisha na kwamba ngozi hii itapona yenyewe nikiendelea? Je, yale ya saratani ni ya kweli? Na je, kuna mtu yeyote anayeishi katika joto hili la pwani aliyefaulu kuacha, au ni mambo ya watu wa nchi za baridi?

Mfamasia wa Chumbageni anajibu:

Waalaykum salaam, dada yangu Mwalimu. Pole sana, na usione haya, kwa kuwa swali hili huulizwa dukani kwangu kila msimu wa joto, ingawa waulizaji hungoja kwanza wateja wengine watoke.

Nianze na ngozi kwa sababu ndiyo inayouma. Acha mchanganyiko huo leo, wala usingoje miezi miwili. Kuchubuka siyo dalili ya mwili kujisafisha, ni ngozi iliyounguzwa. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, na uchachu huo ni ngao yake dhidi ya vijidudu; bekingi soda iko upande wa pili kabisa, upande wa magadi, na ukiipaka kila siku mahali penye mkunjo, jasho na msuguano, ngao ile huvunjika. Vijiko viwili vya soda kwa vitatu vya mafuta ni vingi mno. Mafuta ya karafuu nayo ni makali, na hata peke yake yanaweza kuwasha ngozi iliyokwisha kuchubuka. Kwa siku kumi zijazo osha kwapa kwa maji na sabuni laini isiyo na manukato, kausha kwa kugusagusa na taulo badala ya kusugua, paka mafuta ya mgando kidogo sana, usinyoe, na vaa pamba. Tafadhali usinunue zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa bila cheti cha daktari. Nyingi zina steroidi kali, na ngozi ya kwapa ni nyembamba, hufyonza dawa kuliko ngozi ya mkono. Ukiona usaha, homa, au uvimbe unaobaki baada ya ngozi kupona, nenda hospitali.

Sasa tuelewane kuhusu jasho, maana watu wengi huchanganya mambo mawili. Mwilini tuna tezi za jasho kati ya milioni mbili na nne, na nyingi kati ya hizo hutoa maji na chumvi kwa ajili ya kuupoza mwili. Kwapani kuna aina nyingine ya tezi, zinazoanza kufanya kazi mtu anapobalehe, na hizi hutoa majimaji mazito yenye mafuta na protini. Majimaji hayo yanapotoka hayana harufu. Harufu hutengenezwa na bakteria wanaoishi juu ya ngozi, wanapoyala na kuyavunjavunja. Kwa hiyo dawa ya kuzuia jasho na deodoranti si kitu kimoja. Ya kwanza ina chumvi za alumini ambazo hukutana na jasho kwenye mdomo wa tundu na kufanya kizibo cha muda. Ya pili haizibi chochote, bali hupunguza bakteria au hufunika harufu. Nchini Marekani sheria huihesabu ya kwanza kuwa dawa na ya pili kuwa kipodozi tu. Hiyo uliyotengeneza ni deodoranti. Kulowa kwako katika wiki ya pili hakukuwa ugonjwa, ni jasho lako la kawaida lililorudi baada ya vizibo kutoka.

Kuhusu kile wanachokiita kujisafisha: jasho si njia ya mwili ya kutoa sumu. Kazi hiyo ni ya ini na figo. Kilicho kweli ni kwamba bakteria wa kwapani hubadilika. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti mdogo uliofanywa North Carolina, Marekani, kwa watu 17 waliofuatiliwa kwa siku nane. Waliozoea dawa za kuzuia jasho walianza wakiwa na bakteria wachache sana, lakini walipoacha kutumia kitu chochote, idadi ile iliongezeka, na kufikia siku ya sita ilikuwa inalingana na ya wenzao. Ni siku, dada yangu, si miezi. Baada ya hapo, harufu unayoisikia ndiyo hali yako, na ni lazima uipangie utaratibu badala ya kungoja iondoke.

Nimeliacha la saratani mwisho kwa makusudi, kwa kuwa naona ndilo lililokutoa usingizi. Habari hiyo ya jasho lililozibwa kurudi kwenye titi haina msingi katika namna mwili unavyofanya kazi, kwa sababu tezi za jasho hazina njia ya kupeleka kitu kwenye titi. Na suala hili limechunguzwa. Mwaka 2002 ulitoka utafiti wa jimbo la Washington uliolinganisha wanawake 813 waliokuwa na saratani ya titi na 793 wasiokuwa nayo, na haukuona uhusiano na dawa hizi, hata kwa waliokuwa wakizipaka muda mfupi baada ya kunyoa. Alumini inayopenya ngozi ni kiasi kidogo mno. Wanaotakiwa kuwa na tahadhari ya kweli ni wagonjwa wa figo, ambao wanapaswa kumwuliza daktari kwanza, kwa sababu figo ndizo zinazoitoa alumini mwilini.

Lakini kuna jambo moja katika maelezo yako ambalo sitaki lipite. Umesema marehemu alikuwa ndugu wa baba yako. Wanawake wengi hudhani kwamba saratani ya titi ya upande wa baba haiwahusu, na sivyo. Urithi huja kwa pande zote mbili. Ningekuwa ndugu yako ningekuambia hofu uliyoipeleka kwenye rolon uipeleke kwenye kipimo. Nenda ukapimwe matiti, umweleze mtoa huduma historia ya ukoo wako, kisha yeye ndiye atakayepanga kama unahitaji picha ya eksirei ya titi na lini. Na siku ya kupigwa picha hiyo usipake kitu chochote kwapani, kwa kuwa chembe za alumini huweza kuonekana kwenye picha kama madoa ya chokaa na kuwachanganya wasomaji.

Karani wa Bandarini anajibu:

Ninaheshimu maelezo ya Mfamasia, lakini nami niseme niliyoyaona. Nina mwaka mzima na miezi miwili ninatumia deodoranti isiyo na alumini, nayo ina bekingi soda ndani yake, na sijapata upele hata siku moja. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa ngumu, nikabeba shati la pili kwenye mkoba, kisha nikazoea. Kwa hiyo si sahihi kusema haiwezekani hapa Tanga. Nakiri kwamba ofisi yetu ina kiyoyozi na mimi hupanda daladala, sipigi baiskeli juani.

Bibi wa Pangani anajibu:

Mwalimu, mwanangu, pole. Mjukuu wangu ndiye anayeniandikia haya, mimi ninasema naye anaandika.

Sisi tulikua kabla ya hizo rolon kufika huku, na hatukuwa tukinuka. Mkweo amekuambia kweli. Shabu ilikuwa haikosekani katika nyumba, jiwe jeupe lenye kung'aa kama kipande cha barafu, limewekwa kwenye kidirisha cha msalani. Ukimaliza kuoga, wakati mwili ungali na maji, unalilowesha na kulipitisha kwapani mara mbili tatu, unasikia ngozi inavutika, basi. Jiwe moja mtu alikaa nalo hata mwaka. Wengine waliikaanga kwenye chungu kikavu mpaka ikafura na kuwa nyeupe kama povu, wakaitwanga na kujipaka unga wake, lakini ile ya kukaanga ni kali, usianze nayo.

Ndimu tuliitumia pia, usiku tu, na hatukuipaka juu ya ngozi iliyonyolewa wala yenye kidonda. Anayekuambia upake ndimu juu ya mchubuko hakutakii mema, au hajui.

Na liko jambo ambalo nyinyi vijana mmeliacha, nalo ndilo lililokuwa kubwa kuliko shabu. Tulikuwa tukioga mara mbili, alfajiri na jioni, na nguo tuliyoivaa juani haikurudi mwilini kabla ya kufuliwa. Ndani tulivaa kanga, ambayo ni pamba. Nguo ikishafuliwa na kukauka ndipo tulipoifukiza: chetezo chini, tenga juu yake, nguo inatandazwa juu ya tenga mpaka moshi wa udi uingie. Siku za shughuli tulisaga liwa kwa marashi tukajipaka. Ninyi sasa mnafukiza nguo yenye jasho la jana, mnadhani udi unafua. Udi haufui nguo, mwanangu. Harufu mbili zikikutana inakuwa ya tatu, mbaya kuliko zote.

Mfamasia wa Chumbageni anajibu tena:

Shikamoo bibi, na ahsante sana. Ulilosema kuhusu nguo na kuoga ningeliandika mwenyewe kama ningekuwa na ufasaha wako.

Naomba kwa heshima niongeze jambo kuhusu shabu, kwa sababu Mwalimu anaihitaji habari hii kabla ya kuamua. Shabu nayo ni chumvi ya alumini. Kikemia ni salfeti ya alumini na potasiamu. Hayo mawe yanayouzwa ughaibuni kwa bei kubwa yakiitwa deodoranti ya asili ya kioo ni shabu hii hii ya bibi zetu, na baadhi ya vifungashio huandikwa kwamba havina klorohidrati ya alumini, ile chumvi inayotiwa katika rolon nyingi, jambo ambalo ni kweli kwa herufi, lakini msomaji huondoka akiamini kwamba hamna alumini kabisa. Kwa hiyo mtu anayeacha rolon kwa kuiogopa alumini akakimbilia shabu hajaondoka pale alipokuwa. Mimi sisemi haya ili kuiponda shabu. Ninaiona kuwa kitu kizuri: inakaza ngozi, inawafanya bakteria wasistawi, haina manukato ya kuwasha, na bei yake ni ndogo. Ninachotaka ni kwamba Mwalimu aichague akijua alichokichagua, na asiiguse mpaka ngozi ipone, kwa sababu kwenye mchubuko itauma vibaya.

Kuhusu ndimu nina msimamo mkali zaidi ya bibi. Maji ya ndimu ni asidi, na yanayo kemikali ambayo ikibaki kwenye ngozi na kupigwa na jua huiunguza, ikaacha madoa meusi ya wiki au miezi. Mtu anayepiga baiskeli asubuhi asiipake.

Ndugu Karani, sikusema haiwezekani. Ngozi hutofautiana, na ile ya dukani mara nyingi ina soda kidogo kuliko hizi tunazopimiana kwa vijiko. Hata hivyo, kama umewahi kubeba shati la pili mkobani, unakubaliana nami kwamba kinachokuweka vizuri ni zaidi ya deodoranti. Na ofisi yenye kiyoyozi ni hali nyingine kabisa, kwa sababu hewa yake ni kavu na jasho hupata nafasi ya kukauka. Hewa ya nje huku kwetu imejaa unyevu wa bahari, jasho halikauki, linakaa pale pale na bakteria wanakula wanavyotaka.

Nikumbushe pia jambo ambalo karibu kila mteja wangu hulikosea. Dawa ya kuzuia jasho haipakwi asubuhi juu ya mwili wenye majimaji, mtu anapotoka bafuni akiwa mbioni kwenda kazini. Hupakwa usiku, kwapa likiwa kavu kabisa, wakati tezi zimetulia, ili vizibo vipate nafasi ya kufanyika. Ukioga asubuhi havitoki. Aliyekuwa akipaka asubuhi kila siku huenda akatosheka na mara mbili au tatu kwa wiki akipaka usiku, na nguo zake zitaumia kidogo zaidi kwa kuwa dawa haihamii kwenye kitambaa ikiwa mbichi. Hata hivyo haikaushi kabisa. Kiwango cha chini kinachotakiwa Marekani ili bidhaa iitwe ya kuzuia jasho ni kupunguza jasho kwa asilimia 20 tu.

Fundi Cherehani wa Ngamiani anajibu:

Mimi ni fundi kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwapa za watu wa mji huu ninazijua kupitia nguo zao. Katika kanzu kile kipande kidogo tunachokitia chini ya mkono tunakiita kikwapa, jina moja na harufu yenyewe, na ndicho kinachokufa kwanza. Nimeletewa kanzu nzima kabisa, kola safi, pindo safi, lakini vikwapa vimekuwa vya manjano na vigumu, ukivikunja vinatoa sauti kama karatasi. Huwa ninavifumua na kuweka vipya, kazi ya nusu saa.

Madoa yale ya manjano hutokana na jasho kukutana na hizo chumvi za alumini, si uchafu wa kawaida, na ndiyo maana sabuni peke yake haiyatoi. Kosa kubwa ninaloliona ni watu kuyamwagia jiki. Doa huzidi kuwa njano na kitambaa kinalegea. Mimi hugeuza nguo ndani nje, nikaloweka sehemu ile tu kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu kwa saa moja, nikasuuza vizuri, kisha ndipo nikafua kwa sabuni na kuanika juani. Siki na jiki zisikutane kamwe katika beseni moja, kwa sababu hutoa hewa ya sumu.

Lakini Mwalimu, tuzungumze juu ya kitambaa chenyewe. Umetaja buibui lililoshikamana na mgongo. Mabuibui mengi yanayoletwa dukani sasa ni poliesta tupu, na poliesta hushika harufu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichapisha kazi yao: watu 26 walifanya mazoezi wakiwa wamevaa fulana za pamba na za poliesta, na za poliesta zikanuka vibaya zaidi, kwa sababu kuna bakteria wa harufu wanaostawi kwenye kitambaa hicho kuliko kwenye pamba. Hilo sisi mafundi tulikuwa tunalijua kwa pua. Ukipiga pasi nguo ya poliesta iliyofuliwa vizuri, joto likifika kwapani harufu ya zamani inaamka. Ya pamba haifanyi hivyo.

Ushauri wangu: leta vile vipande vya kanga vilivyochakaa, nikukatie pedi za kwapa, mbili mbili, za umbo la nusu mwezi, zenye vishikizo vya kubana. Unazivaa upande wa ndani wa blauzi, mchana unabadilisha, nguo inabaki kavu. Wanafunzi wa ualimu nimewashonea nyingi.

Mpika Sabuni wa Muheza anajibu:

Mwalimu, kama bado unataka kutengeneza ya kwako baada ya kupona, inawezekana bila soda. Ninatumia vipimo hivi kwa ajili ya familia yangu: mafuta ya nazi sehemu nne, nta ya nyuki sehemu moja, wanga wa muhogo sehemu tatu, na unga wa zinki oksaidi sehemu moja, ule ule unaowekwa kwenye dawa ya upele wa nepi za watoto. Zinki huzuia bakteria na haichomi. Zamani tungetumia uwanga halisi, ambao ni laini kuliko unga wowote, lakini siku hizi wanaouchimba ni wachache, na wa muhogo unafaa ukichujwa mara mbili kwa kitambaa.

Nta ndiyo siri ya huku kwetu. Mafuta ya nazi huyeyuka yakifika kama nyuzi 24 tu, na Tanga ukiondoa usiku wa kusi joto haliko chini ya hapo. Ndiyo maana maelekezo ya mtandaoni yanasema itaganda kama siagi, wewe ukiamka unakuta mafuta juu na unga umelala chini ya kopo. Bila shaka ulikuwa ukichota unga wa chini, yaani soda karibu tupu, na kuipaka upande unaoanza nao. Ni kwapa la kulia peke yake lililoumia?

Ninachopika hakiuzwi. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na mpaka nitakapokamilisha usajili sitamwuzia mtu kitu cha kupaka mwilini.

Mwalimu wa Makorora anaandika tena, baada ya wiki tatu:

Ndugu zangu, nawashukuru nyote, na bibi wa Pangani shikamoo.

Mpika Sabuni, uliposoma kopo langu ukiwa Muheza ulinishangaza. Ni kweli, unga ulikuwa ukilala chini, nami nilikuwa ninauchota kwa kidole na kuanza na kwapa la kulia. Niliuacha mchanganyiko ule siku ile ile, na kufikia siku ya tisa mchubuko ulikuwa umefunga. Weusi bado upo, ila hauumi.

Niliyoamua ni haya. Siku za shule ninapaka rolon yangu ya zamani usiku, Jumapili na Jumatano, kwapa likiwa kavu. Siku nilizo nyumbani ninapitisha shabu ya mama mkwe, nikijua kwamba nayo ni alumini, na mama mkwe amefurahi kuliko nilivyotarajia. Nilijaribu vipimo vya zinki kwa siku nne, vinatosha kwa siku ya nyumbani lakini havitoshi kwa baiskeli. Fundi amenishonea pedi jozi sita kutoka kanga mbili za marehemu shangazi ambazo nilikuwa nimezifungia sandukuni, nikaona ni heri zitumike. Buibui la poliesta nimelibakiza la safari fupi za jioni.

Na Jumatatu iliyopita niliomba ruhusa kazini nikaenda hospitali ya Bombo. Nilikaa kwenye benchi tangu saa mbili, na mara mbili nilisimama nikitaka kuondoka. Muuguzi alinipima, akaandika habari za shangazi kwenye faili, akaniuliza kama baba ana dada wengine. Wako wawili. Hakukuta kitu. Daktari amenipangia kurudi, na amesema wale shangazi wawili nao waje. Mmoja anaishi Korogwe, amekubali. Wa pili anakataa kabisa kuguswa, na ndiye mkubwa. Kama kuna aliyewahi kumshawishi mzazi wa namna hiyo, ningependa kusikia alianzaje mazungumzo.